Shajara ya ukarabati: bafu na jiko la Bibi

Vipimo vya watu, kisha vya chumba

Dada ametupokea na sampuli za vigae mkononi. Nimemwomba aziweke kando kwanza, kwa sababu kazi ya namna hii haianzii ukutani, inaanzia kwenye miili ya watu watakaoutumia ukuta huo. Mama yake, ambaye sote tunamwita Bibi, ana magoti mabovu na anatembea kwa fremu. Ameketi kwenye kiti, mgongo wima, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu, nikapima kutoka chini hadi uvunguni mwa goti: sentimita 42. Akasimama na fremu yake, viwiko vikatanuka: sentimita 68. Kiwiko cha dada, ambaye ndiye anayepika siku nyingi, kiko sentimita 104 kutoka sakafuni. Namba hizo tatu zimeandikwa kwa kalamu nene juu kabisa ya mchoro. Ndizo zitakazoamua urefu wa choo, upana wa mlango na kimo cha kaunta.

Kisha chumba chenyewe. Mlango wa bafu ukifunguliwa wote unaacha sentimita 64, kwa hiyo Bibi huingia kiubavu huku fremu imekunjwa. Mahali pa kuogea pana ukingo wa sentimita 15 wa kuvuka kwa mguu uliolowa. Jikoni, kabati za chini zina kina cha sentimita 60 na vyombo vya kila siku vimejificha nyuma kabisa, ambako havifikiki bila kupiga magoti.

Nilipomuuliza Bibi anataka nini hasa, alijibu kwa ufupi: "Mwanangu, nitengenezee bafu. Usinitengenezee wodi."

Nimelichukua neno hilo kama sharti la mkataba. Bafu hugeuka wodi pale vifaa vya kumsaidia mtu vinapoletwa mwishoni na kupachikwa juu ya kazi iliyokwisha: bomba jeupe la kushikia lililotobolewa katikati ya kigae, kipande cha mbao kizingitini, kiti cha plastiki kisicho na pa kukaa. Vikiamuliwa sasa, kabla nyundo haijainuliwa, vingi vitaingia ndani ya ukuta na chini ya sakafu, na jicho litaona chumba kizuri tu.

Mchoro

Bibi hatumii kiti cha magurudumu, lakini nimechora kana kwamba atakihitaji. Mviringo wa kugeuzia kiti hicho una kipenyo cha milimita 1,525 katika viwango vya Marekani vya mwaka 2010 kwa watu wenye ulemavu, na viwango hivyohivyo vinataka nafasi ya mlangoni isipungue milimita 815. Viliandikwa kwa ajili ya majengo ya umma, si nyumba ya mtu, ila magoti ya binadamu ni yaleyale popote. Mviringo umeingia bafuni baada ya kuhamisha sinki ukuta wa pili na kuiacha chini yake wazi.

Msanifu Ronald Mace, aliyekuwa mtumiaji wa kiti cha magurudumu tangu utotoni kwa sababu ya polio, alilipigania wazo la usanifu kwa wote: kitu kitengenezwe tangu mwanzo ili watu wengi kadiri iwezekanavyo wakitumie, bila toleo la pembeni kwa ajili ya wachache. Kanuni saba za wazo hilo zilitolewa mwaka 1997 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina. Mimi huzikumbuka kwa swali moja ninapochora: je, mtoto naye atafaidika? Sakafu isiyo na ukingo inamfaa Bibi, mtoto, na dada aliyebeba ndoo.

Kwa jiko nimerudi kwa Margarete Schütte-Lihotzky. Mwaka 1926 alibuni jiko la Frankfurt, chumba cha takriban mita 1.9 kwa 3.4, na likajengwa katika nyumba zipatazo 10,000 za mji huo. Wengi humkumbuka kwa kubana nafasi. Mimi namheshimu zaidi kwa mambo mawili madogo: aliweka kiti cha kuzunguka ili kazi ya kukatakata ifanywe mtu akiwa ameketi dirishani, na taa yake ilikuwa inasogea kwenye reli darini. Karibu miaka mia moja baadaye bado tunachora majiko ambamo hakuna pa kuketi.

Kuna pia ile pembetatu ya sinki, jiko na friji, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois katika miaka ya 1940. Kila upande uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na pande zote tatu zikijumlishwa zisipite mita 7.9. Yetu imefika mita 5.6. Pembetatu hiyo inafaa kwa mpishi mmoja. Wapishi wetu ni wawili, mmoja amesimama na mwingine amekaa, kwa hiyo nimempa kila mmoja sehemu yake ya kazi, na njia ya katikati ina upana wa sentimita 155.

Kubomoa

Umeme umezimwa kwenye saketi zote mbili, maji yamefungwa, tundu za maji taka zimezibwa kwa matambara ili vifusi visiingie. Kabla ya kugusa sakafu ya zamani, mwenye nyumba alipeleka kipande maabara. Vigae laini vya zamani vya plastiki, pamoja na gundi yao nyeusi, vinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake likishaingia kwenye pafu halitoki. Jibu lilikuja safi, tukaendelea.

Nyuma ya vigae vya mahali pa kuogea lipu ilikuwa imelowa hadi kimo cha kiuno, na tofali zimeota chumvi. Bomba halikuwa limepasuka. Ukuta ulikuwa umevishwa vigae moja kwa moja juu ya lipu, bila kinga yoyote. Watu wengi huamini kwamba kigae ndicho kinachozuia maji. Kigae chenyewe hakipitishi, lakini grauti ya saruji kati ya vigae inapitisha, na ukuta unaomwagiwa maji asubuhi na jioni hunywa kidogokidogo kwa miaka. Lipu yote ya upande huo imetolewa. Tofali zitapata muda wa kukauka kabla ya kufunikwa tena, feni ikiwashwa usiku kucha.

Mlango

Ukuta wa mlango unabeba uzito wa juu, kwa hiyo hakuna kupanua kwa tindo na matumaini. Tumeweka nguzo za muda pande zote mbili, tukaingiza linta mpya, yaani boriti ya juu ya mlango, ya zege ya kiwandani, yenye kukalia tofali kwa sentimita 15 kila upande, tukasubiri saruji yake ishike ndipo tukakata chini. Nafasi safi sasa ni sentimita 84. Mlango unafunguka kwa nje. Mtu akianguka ndani ya bafu, mlango wa kufungukia ndani huzuiwa na mwili wake mwenyewe. Kitasa ni cha mkono wa kusukuma chini, si cha kuzungusha, na kinaweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu.

Mabomba na umeme

Mabomba mapya ni ya PPR, aina ya plastiki, yameunganishwa kwa joto la nyuzi 260. Baada ya kujaribiwa kwa shinikizo mara moja na nusu ya lile la kawaida, geji haikushuka, na hapo ndipo nilipompigia simu fundi wa lipu.

Kuhusu maji moto, hili ni la kutiliwa mkazo. Tangi linapaswa kuweka maji kwenye nyuzi 60 za Selsiasi, kwa sababu kwenye uvuguvugu bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia, huzaliana. Lakini maji ya nyuzi 60 humchoma mtu mzima vibaya ndani ya sekunde chache, na mtu wa magoti mazito hawezi kuruka pembeni. Ndiyo maana kati ya tangi na bomba la mvua tumefunga valvu ya kuchanganya inayojirekebisha yenyewe, tukaiweka kwenye nyuzi 43. Maji baridi yakikatika ghafla, inafunga. Kifaa hiki hakionekani kabisa, kiko ndani ya kabati la tangi, na mimi ningekiweka kwenye kila nyumba yenye mzee au mtoto.

Koki ya bomba la mvua haiko chini ya bomba lenyewe. Iko upande wa kuingilia, mkono unaifikia mtu akiwa bado amesimama pakavu, ili asubiri joto likae sawa ndipo aingie.

Umeme: saketi zote za vyumba hivi viwili zinapita kwenye swichi ya usalama ya miliampea 30, ile inayokata umeme mara tu unapoanza kuvuja. Feni ya bafu inatoa lita 15 za hewa kwa sekunde, ya juu ya jiko lita 30, na zote zinatoa nje ya jengo. Nimewahi kukuta feni nyingi zinazotapikia mvuke darini, na mbao za paa zikaoza bila mtu kujua.

Sakafu ya bafu

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, na sijutii. Sakafu isiyo na ukingo inamaanisha kwamba mteremko peke yake ndio unaozuia maji yasitoke chumbani. Tumechimba floo ya zamani, yaani tabaka la saruji la juu, yote hadi kwenye zege la msingi ili tupate kina cha kushusha tundu la maji.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa aina ya tundu. La katikati linadai sakafu iteremke kutoka pande nne, na mteremko wa pande nne hauwezi kuvishwa kigae kikubwa bila kukikata kimshazari. La mfereji mrefu kandokando ya ukuta linaruhusu sakafu nzima iinamie upande mmoja, kama ubao uliolazwa. Tumechukua mfereji. Fremu ya Bibi ina miguu minne, na kwenye sakafu ya mteremko mmoja miguu yote inakanyaga sawasawa. Kwenye beseni la pande nne, mguu mmoja huning'inia.

Mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita. Ukipungua, maji yanalala na grauti inaota ukungu. Ukizidi, kiti cha magurudumu kinajivuta chenyewe kuelekea tundu, na mtu aliyesimama anahisi kusukumwa. Nimepiga pima maji ya mita 2 kila baada ya nusu mita, na pale ilipopanda milimita 3 tumekwangua kabla saruji haijakomaa.

Dukani kuna mitego mifupi sana ya kutolea maji inayovutia macho ya mtu aliyekosa kina. Mingine inabakiza maji machache mno kwenye kona yake. Kona ile iliyopinda, ambayo Alexander Cumming, mtengeneza saa wa Uskoti, aliiwekea hataza mwaka 1775 kwa ajili ya choo cha kuvuta, kazi yake ni kubaki na maji yanayozuia hewa chafu isirudi ndani. Yakiwa machache yanakauka haraka chumba kisipotumika, na harufu inaingia. Tumechukua mtego wenye maji ya milimita 50 na kuchimba zaidi.

Juu ya floo iliyokauka imepakwa dawa ya kuzuia maji mara mbili, ya pili ikivuka ya kwanza. Kwenye kona zote za sakafu na ukuta, na kuzunguka mabomba, umezamishwa utepe wa kitambaa ndani ya dawa ikiwa mbichi, maana kona ndizo zinazocheza jengo linapotanuka na kusinyaa. Dawa imepandishwa ukutani hadi darini mahali pa kuogea, na sentimita 20 kwingineko.

Kisha jaribio. Tundu limezibwa, sakafu ikajazwa maji hadi sentimita 5 kwenye sehemu ya chini, na mlangoni tukaweka kizuizi cha muda. Alama ikachorwa ukutani kwa penseli. Pembeni nimeweka ndoo yenye maji na alama yake, kwa sababu maji hupungua pia kwa kukauka, na bila ndoo ya kulinganishia mtu atabishana na nafsi yake. Baada ya saa 24 ndoo ilikuwa imeshuka kwa milimita 1, sakafu kwa 4.

Tulipochunguza tuliona unyevu pale ambapo dawa inakutana na shingo ya mfereji. Tumesafisha shingo kwa msasa na spiriti, tukaweka utepe mpana zaidi na dawa mpya, tukasubiri ikauke, tukajaza tena. Saa 24 nyingine: ndoo milimita 1, sakafu milimita 1. Dada alisikitika kwa kuchelewa. Nilimwonyesha ile lipu iliyooza kwenye gunia, akanyamaza, kisha akasema, "Basi fundi, usiruke kitu."

Ukuta wa kushikia

Kuta za bafu ni za tofali zenye uwazi ndani. Skrubu na plagi ya plastiki kwenye tofali kama hilo inashika ganda tu. Pale ambapo mkono wa Bibi utaning'inia na uzito wake wote, tumefungua tofali, tukajaza zege, na kuingiza vyuma vya hesi kwa gundi ya kemikali. Kishikio cha ulalo kando ya choo kiko sentimita 86 kutoka sakafuni, cha wima karibu na bomba la mvua kinaanzia sentimita 80 kupanda juu. Viwango vya Marekani vinataka kishikio kihimili takriban kilo 113. Mimi na mwenzangu tumekining'inia pamoja, hakikutikisika.

Tumejaza zege hata mahali pasipohitajika leo: upande wa pili wa choo, na ukutani ambapo siku moja huenda kikafungwa kiti cha kukunja. Hayo yatasubiri ndani ya ukuta bila kumsumbua mtu.

Choo: kiti chake kiko sentimita 46 kutoka sakafuni, juu kidogo ya kipimo cha goti la Bibi. Tulijaribu kwanza kwa mbao zilizopangwa kwenye kiti. Kwenye 48 visigino vyake viliinuka, kwenye 44 alihitaji kuvutwa mkono. Kwenye 46 alisimama mwenyewe.

Vigae

Sasa sampuli za dada zimerudi mezani. Alipenda kigae kikubwa cheupe chenye mishipa ya kijivu, kinachong'aa. Ukutani kimekwenda vilevile alivyotaka, na kimependeza. Sakafuni nimekataa. Kwa sakafu ya ndani inayotarajiwa kulowa, kipimo cha msuguano kinachotumika Marekani ni angalau 0.42 kigae kikiwa na maji. Ujerumani hupanga vigae vya miguu mitupu kwa madaraja A, B na C, na sehemu za kuogea ni B. Tumepata kigae cha daraja B chenye rangi ya kijivu kama mishipa ya kile cha ukutani, kisichong'aa, chenye vipande vya sentimita 10. Viungo vingi humpa mguu pa kushika.

Kwenye gundi sina masihara. Sehemu yenye maji inataka gundi ishike angalau asilimia 95 ya mgongo wa kigae. Mwiko wa meno unaburutwa upande mmoja, mgongo wa kigae unapakwa pia, na kila baada ya vigae kadhaa tunang'oa kimoja kutazama. Gundi ya madonge matano, ile ya haraka, huacha mapango nyuma ambamo maji hukaa, na kigae hupasuka kikigongwa. Kona zote za ndani zimepigwa silikoni badala ya grauti.

Jiko

Jikoni mambo yamekwenda upesi. Kaunta ya dada iko sentimita 91, yaani sentimita 13 chini ya kiwiko chake. Ya Bibi iko 76, chini yake wazi, na goti linaingia bila kugusa. Sinki lake dogo liko 84, lina kina cha sentimita 14 tu na bomba lake la kutolea maji limesogezwa nyuma. Bomba la maji moto chini ya sinki limevikwa sponji, maana mtu aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuungua bila kujua.

Kabati za chini zote sasa ni droo zinazotoka nje kabisa. Sufuria nzito ziko kwenye droo ya juu. Pande zote mbili za jiko pana nafasi ya sentimita 40 ya kutua chungu cha moto, na vitufe vya jiko viko mbele, mkono usivuke juu ya moto.

Mwanga wa dari peke yake humfanya mpishi akate kitu ndani ya kivuli cha kichwa chake. Taa ndefu zimefungwa chini ya kabati za juu, zikisogezwa karibu na ukingo wa mbele. Ukingo wa kaunta ni wa mbao nyeusi juu ya uso mweupe, na kiti cha choo bafuni ni cha kijivu iliyokolea dhidi ya ukuta mweupe. Macho ya Bibi yanaona tofauti ya rangi kabla ya kuona umbo.

Makabidhiano

Vishikio ni vya shaba iliyofifishwa, rangi ileile ya koki na ya ndoano za taulo. Jirani aliyekuja kutazama alitundika mkoba wake kwenye kimojawapo akidhani ni cha taulo. Bibi alifurahi kupita kiasi.

Yaliyobaki: droo moja ya chini inagusa jirani yake, reli yake inahitaji kurekebishwa. Silikoni ya mfereji nitaikagua tena baada ya jengo kupita msimu wa joto. Boksi moja la kila aina ya kigae limebaki stoo. Nimewaachia pia picha za kila ukuta zilizopigwa kabla ya lipu, futi kamba ikiwa imelazwa kando ya mabomba na nyaya. Zimeshatumika: dada alitaka rafu ya sabuni kushoto kwa sinki, tukafungua picha, tukaona bomba la maji baridi likipanda sentimita 22 kutoka kona, na rafu ikafungwa kwenye sentimita 45.